Megatron: bastola iliyojigeuza roboti, na vichezeo mikononi mwa watoto wetu

Tunapowakuta watoto wamekaa mbele ya televisheni wakitazama katuni za maroboti yanayojigeuza, aghalabu swali la kwanza linalotujia ni juu ya yule mwovu wa hadithi. Anavunja, anaua, anasema uongo, anataka kuutawala ulimwengu mzima. Je, mtoto hatamuiga? Swali hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Lakini katika makala yetu ya leo tunataka kumchukua mwovu aliye maarufu kuliko wenzake wote katika kundi hilo, Megatron, tumtazame tangu alipotoka kiwandani hadi alivyo sasa. Tutakayoyaona huenda yakabadilisha mahali tunapoelekeza hofu yetu. Uovu wa Megatron unaonekana wazi, na hata mtoto wa miaka saba anautambua. Yaliyojificha ni mambo mawili mengine: umbo alilopewa alipotiwa mkononi mwa mtoto, na hila ya biashara iliyomfikisha mkononi humo. Haya mawili mtoto hawezi kuyang'amua peke yake, na ndiyo yanayomhitaji mzazi.

Alikotoka

Wengi hudhani kwamba Megatron ni zao la Marekani. Mwili wake ulitoka Japani, katika kampuni ya vichezeo ya Takara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa na mafungu mawili ya vichezeo vinavyojigeuza. Fungu la kwanza, Diaclone, lilikuwa la magari na ndege zilizogeuka maroboti, na ndani yake mliketi dereva mdogo wa plastiki. Fungu la pili liliitwa Micro Change, nalo lilikuja na fikra tofauti: vitu vya kawaida vya nyumbani, katika ukubwa wake halisi, vikunjuliwe na kuwa maroboti. Palikuwa na redio ya kaseti, palikuwa na kaseti zenyewe, palikuwa na kamera na hadubini. Na palikuwa na bastola.

Bastola hiyo haikuwa ya kubuni. Iliigwa kutoka Walther P38, silaha ya Kijerumani ambayo jeshi la nchi hiyo liliichagua mwaka 1938 na kuitumia katika Vita Vikuu vya Pili. Vifaa vilivyoambatana nayo, yaani kitako cha kuegemeza begani, mrija wa kuzuia sauti na darubini ya kulengea shabaha, viliigwa kutoka tamthilia ya televisheni ya Marekani ya miaka ya 1960, The Man from U.N.C.L.E., iliyohusu majasusi. Mtoto alipokikunjua kichezeo hicho, kitako cha bastola kikawa miguu ya roboti, na darubini ikapachikwa mkononi ikawa mzinga. Toleo la Japani liliweza hata kurusha risasi ndogo za plastiki.

Kampuni ya Hasbro ya Marekani iliviona vichezeo hivyo, ikapata haki ya kuviuza, ikayachanganya mafungu yale mawili na kuyapa jina moja: Transformers. Mwaka 1984 vikaingia madukani. Uwezo wa kurusha risasi uliondolewa katika toleo la Marekani, lakini umbo halikuguswa. Likabaki lilivyokuwa: bastola yenye ukubwa wa bastola, na kifyatulio chake mahali pake.

Jina, na kadi ya sifa

Vichezeo vilikuwa tayari, lakini havikuwa na hadithi. Magari na ndege na bastola zisizo na majina haziuziki kwa urahisi. Hasbro ikawaendea wachapishaji wa vitabu vya katuni wa Marvel. Jim Shooter akaandika kisa cha jumla: sayari ya chuma iitwayo Cybertron, vita vya miaka mingi, pande mbili zinazogombea nishati, na chombo kilichoanguka duniani miaka milioni nne iliyopita, wote waliokuwamo wakazimika hadi mwaka 1984 walipozinduka. Upande wa wema ukaitwa Autobot, chini ya kiongozi wao Optimus Prime. Upande wa uovu ukaitwa Decepticon, jina lililochotwa katika neno la Kiingereza lenye maana ya udanganyifu. Kiongozi wao akawa ile bastola.

Mhariri Bob Budiansky ndiye aliyepewa kazi ya kuwatafutia wahusika walio wengi majina na tabia. Jina la Megatron lilipofika kwa wenye kampuni, walisita. Waliona linatisha, kwani linakumbusha kipimo kinachotumiwa kupimia mlipuko wa bomu la nyuklia. Budiansky akawajibu kwamba huyu ndiye mwovu mkuu, na mwovu mkuu anapaswa kutisha. Wakakubali. Hebu tulizingatie hili, ndugu wasomaji. Watu wazima walikaa wakajadiliana kama jina litawatisha watoto, ilhali kitu chenyewe kilichobeba jina hilo kilikuwa bastola.

Nyuma ya kila boksi palichapishwa kadi ya kukata, yenye maelezo ya mhusika na vipimo vya uwezo wake, ambavyo mtoto aliweza kuvisoma kwa kuweka juu yake kipande cha plastiki nyekundu. Vipimo hivyo vilikuwa vinane: nguvu, akili, kasi, ustahimilivu, cheo, ujasiri, uwezo wa silaha na ustadi. Megatron alipata alama za juu kabisa katika nguvu, akili na silaha. Mzazi makini atagundua kilichokosekana. Hapakuwa na kipimo cha ukweli, wala cha huruma, wala cha uadilifu. Optimus Prime mwenyewe, aliyesifiwa kwa wema, alipimwa kwa mizani ile ile.

Hata hivyo kadi hiyo ilikuwa na jambo moja la maana. Kaulimbiu ya Megatron iliahidi amani, lakini amani itakayopatikana kwa njia ya udhalimu. Ni maneno machache, na mtoto anaweza kuyapita asiyatafakari. Lakini madhalimu wengi wa historia ya kweli wameusimika utawala wao juu ya ahadi kama hiyo: nipeni shingo zenu, nami nitawapa utulivu.

Tangazo lililovaa vazi la hadithi

Katuni za Transformers zilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Septemba 1984. Mwaka huo huo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliondoa miongozo iliyokuwa ikibana muda wa matangazo ya biashara katika televisheni. Mlango ukafunguka. Kampuni ya vichezeo iliweza kugharamia katuni ya nusu saa ambayo kila mhusika wake alikuwa anauzwa dukani. Mtoto alidhani anatazama hadithi. Kwa hakika alikuwa anatembezwa mbele ya kabati la duka. Wazazi wa Marekani hawakunyamaza. Peggy Charren, aliyeanzisha jumuiya ya kutetea haki za watoto katika televisheni mwaka 1968, alipiga kelele kwa miaka mingi, na mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyorudisha mipaka: matangazo katika vipindi vya watoto yasizidi dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku nyingine.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi duka lilivyoiongoza hadithi ni filamu ya mwaka 1986, The Transformers: The Movie. Humo Optimus Prime anapigana na Megatron, anajeruhiwa, na anakufa mbele ya macho ya watoto waliojaa katika majumba ya sinema. Watoto walilia. Wazazi walilalamika. Watunzi wa filamu hiyo wameeleza baadaye kwamba sababu ilikuwa ya kibiashara: vichezeo vya mwaka 1984 vilikuwa vimepitwa na wakati, ikabidi wahusika wake waondolewe ili wapya wapate nafasi. Megatron naye hakunusurika. Alitupwa angani akiwa mahututi, akageuzwa kuwa Galvatron, mwili mpya, rangi mpya, na bila shaka kichezeo kipya chenye taa na sauti za kielektroniki. Optimus Prime alirudishwa katika katuni mwaka 1987, lakini watoto walikuwa wamekwisha kumlilia.

Tunalisema hili kwa sababu katuni hizi, za zamani na za sasa, zimekwisha kuvuka bahari na kufika majumbani mwetu, na pamoja nazo vichezeo vyake, vya asili na vya kuiga. Mtoto anapong'ang'ania kwamba lazima anunuliwe roboti fulani, tusimwone kuwa mkaidi tu. Nyuma ya ombi lake kuna kazi iliyofanywa na watu wazima hodari, waliolipwa kwa ajili hiyo.

Umbo lenye hatari

Sasa turudi kwenye ile bastola. Katika katuni, Megatron alipojigeuza alipungua mwili, roboti kubwa likawa silaha ndogo, na silaha haiwezi kujifyatua yenyewe. Ilibidi mwingine aishike. Mara kwa mara aliyeishika alikuwa msaidizi wake Starscream, ambaye usiku na mchana aliwaza namna ya kumpindua. Hapa watunzi, kwa kukusudia au kwa bahati, walichora picha ya kweli: dhalimu hana nguvu bila mikono ya wanaomtumikia, na mikono hiyo yenyewe hawezi kuiamini.

Lakini nje ya katuni, mkono ulioishika bastola hiyo ulikuwa wa mtoto. Katika miaka ile ile ya 1980 vichezeo vya bastola vilivyofanana na silaha halisi vilizua misiba nchini Marekani. Polisi walishindwa kutofautisha, na wahalifu walivitumia kutishia watu. Mwaka 1988 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria inayotaka bastola za kuchezea ziwe na alama ya wazi, hasa kizibo cha rangi ya machungwa iliyokoza kwenye ncha ya mtutu. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya Megatron, lakini ilimgusa moja kwa moja, kwani yeye alikuwa P38 iliyoigwa kwa uangalifu.

Hata alama hiyo haikumaliza tatizo. Mnamo tarehe 22 Novemba 2014, katika bustani ya mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa na bastola ya kuchezea ambayo ncha yake ya rangi ya machungwa haikuwapo. Mtu mmoja alipiga simu polisi, akasema kwamba yamkini ni ya bandia. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lao liliposimama, askari mmoja alimpiga risasi mtoto huyo katika muda wa sekunde mbili hivi. Alifariki siku iliyofuata. Kisa hicho kina mambo mengi ndani yake, na kwa Wamarekani weusi kimebeba uchungu wa historia ndefu ya dhulma. Lakini kila mzazi, awe wapi, anaweza kuelewa sehemu hii moja: kitu kilichokuwa mchezo kwa aliyekishika kilikuwa silaha kwa aliyekitazama.

Katika jambo hili mafundisho ya dini yetu yametangulia kwa karne nyingi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kama ni kwa mzaha na hata kama ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa kuwa mtu hajui shetani atauvuta mkono wake wapi. Mtoto anayezoea kumlenga mdogo wake kifuani na kucheka anajifunza kwa mkono wake kinyume cha adabu hiyo, na mkono husahau polepole kuliko kichwa.

Hatusemi kwamba kichezeo ni haramu, wala kwamba ubunifu ni dhambi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na vichezeo, na miongoni mwavyo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, akamjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Farasi anayeruka hayupo mtaani, na roboti linalojigeuza halipo mtaani. Akili ya mtoto inahitaji uwanja wa kukimbilia. Tunachokipima ni kile anachokishika anapokimbia.

Bastola ikawa kifaru

Maumbo ya Megatron ya miaka iliyofuata yanasimulia habari hii bila maneno. Mwaka 1993 Hasbro ilimrudisha akiwa kifaru cha rangi ya kijani. Mwaka 1996, katika mfululizo wa Beast Wars, mhusika mwingine aliyelichukua jina lake alikuwa mjusi mkubwa wa kale, Tyrannosaurus. Mwaka 2006 alirudi kuwa bastola, lakini iliyofanana na zile za kuchezea za Nerf ambazo hakuna anayeweza kuzidhania kuwa za kweli. Katika filamu ya mwaka 2007 akawa ndege ya kigeni isiyo ya dunia hii, na mwaka 2011 akawa lori la kubeba mafuta. Bastola ya P38 ilibaki hasa katika matoleo ya gharama kubwa yaliyotengenezwa Japani kwa watu wazima wanaokusanya vichezeo.

Tazameni basi: bastola iliondoka, lakini Megatron hakufa. Ukatili wake haukupungua, watoto hawakumsahau, wala hadithi haikuharibika. Hii ni hoja nzito kwa mzazi anayeogopa kwamba akimnyima mtoto bastola atamnyima mchezo. Kilichomvutia mtoto kilikuwa kule kujigeuza, ile furaha ya vidole kutafuta njia ya kukitoa kitu kimoja ndani ya kingine.

Aliyedhulumiwa akawa dhalimu

Tumesema kwamba uovu wa mhusika huyu si wa kuogopwa kama umbo lake. Tunaongeza kwamba unaweza hata kuwa na manufaa, mzazi akiukalia pamoja na mtoto. Kwa miaka mingi Megatron alikuwa mwovu tu, bila sababu. Watunzi wa baadaye walimpa asili. Katika mfululizo wa Transformers: Prime, ulioonyeshwa kuanzia mwaka 2010 hadi 2013, tunaambiwa kwamba aliwahi kuwa mpiganaji wa uwanjani, mtu wa tabaka la chini aliyedai haki kwa wanyonge. Katika filamu ya katuni Transformers One ya mwaka 2024, anaanza akiwa mchimba migodi asiye na jina ila namba, D-16, rafiki wa dhati wa kijana ambaye baadaye atakuwa Optimus Prime. Wawili hao wanagundua kwamba kiongozi wanayemwamini amewadanganya maisha yao yote. Wamedhulumiwa sawasawa, siku moja, na mtu mmoja.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Mmoja anataka haki. Mwingine anataka kisasi, na kisasi kinapomalizana na mkosaji hakitosheki. Kinamgeukia hata rafiki aliyesimama njiani kukizuia. Mtoto akiulizwa, "D-16 alikuwa na haki ya kukasirika?" atajibu ndiyo, na atakuwa amesema kweli. Akiulizwa tena, "Basi alikosea wapi?" ataanza kufikiri. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maidah, inawaonya waumini kwamba chuki yao juu ya watu isiwapeleke katika kutotenda uadilifu. Hiyo ndiyo mizani ambayo ile kadi ya vipimo vinane haikuwa nayo.

Na kuna mwisho mwingine unaostahili kusimuliwa. Katika filamu ya mwaka 2013 iliyohitimisha ule mfululizo wa Prime, Megatron anatekwa na nguvu kubwa kuliko yeye, inayoutumia mwili wake apendavyo mwingine. Anapofunguliwa, anawavunja Decepticon na kuondoka peke yake. Hakushindwa vitani siku hiyo. Alionja kuonewa, akakosa tena hamu ya kuonea. Watoto wenye nguvu shuleni, wanaowanyang'anya wenzao, hawahitaji hotuba ndefu kuielewa habari hiyo.

La kufanya nyumbani

Sikukuu za Idi zinapowadia, watoto hupata vijisenti vyao, na barabara hujaa wauza vichezeo. Tunawashauri wazazi wenzetu mambo machache.

Kwanza, tukitazame kichezeo kabla ya kulitazama jina lake. Kama umbali wa hatua ishirini, jioni, kinaweza kudhaniwa kuwa silaha ya kweli, tukiache. Ikiwa tayari kimo nyumbani, kisitolewe nje, na alama ya rangi kwenye mtutu isikatwe wala kupakwa rangi nyingine.

Pili, hata bastola ya maji iwe na sheria: hailengwi usoni mwa mtu, wala kwa asiyecheza.

Tatu, tukae na watoto japo kipindi kimoja kwa wiki, tuwaulize maswali badala ya kuwafukuza mbele ya televisheni. Nani amesema uongo leo? Nani amedhulumiwa? Wewe ungefanyaje?

Nne, tuwafunze mapema kutambua tangazo. Mtoto wa miaka minane akielezwa kwamba Optimus Prime aliuawa ili vichezeo vipya viuzwe, hatakuwa tena mteja mwepesi. Atakaa, ataikunja midomo, na atauliza ni kitu gani kingine anachouziwa.

Na maroboti haya yana vipande vidogo vinavyong'oka, hivyo yawekwe mbali na wadogo wanaotia kila kitu mdomoni.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu na atupe subira ya kucheza nao. Tukijaaliwa uhai, tukutane tena Ijumaa ijayo.